Glovu na Unahodha: Ushauri kwa Mlinda Wiketi Anayetaka Kuongoza Timu

Timu nyingi za kriketi za shule na klabu humpa unahodha mpigaji bora, kisha mlinda wiketi, yule anayedaka mipira nyuma ya vijiti vya mpigaji, huachwa ahangaike na glovu zake. Huko ni kuhesabu mikimbio badala ya kutafuta nani anauona mchezo. Mlinda wiketi anauona kila mpira: ulikotua, ulivyopinda, ulivyodunda chini kuliko ova tatu zilizopita (ova ni mirusho sita), na mguu wa mpigaji unakoelekea. Mahendra Singh Dhoni wa India alitwaa Kombe la Dunia la T20 (ova 20) mwaka 2007, Kombe la Dunia la ova 50 mwaka 2011 na Champions Trophy mwaka 2013, mara zote akiwa nahodha na huku amevaa glovu. Ndiye mfano mkuu hapa.

Lakini anza na glovu. Nahodha anayedondosha mipira warushaji wake hawamsikilizi.

Simama miguu ikiwa na upana wa mabega, uzito ukiwa mbele ya nyayo na si visiginoni. Chuchumaa mpaka glovu ziguse nyasi, kisha subiri. Inuka pamoja na mpira unapodunda, wala usiutangulie. Anayeinuka mapema glovu zake zinakuwa zimefika magotini, na mpira ukidunda chini unampita katikati ya miguu hadi mpakani: mikimbio minne ya bure. Kosa jingine linaumiza zaidi, nalo ni kuuelekezea mpira ncha za vidole. Mpira wa kriketi una uzito wa gramu 156 hadi 163 hivi na ni mgumu. Ukigonga ncha ya kidole, kiungo kinateguka au mfupa unavunjika. Viganja ndivyo viutazame mpira, vidole vielekee chini. Mpira ukija juu ya kifua, geuza vidole vielekee juu au pembeni na uutoe mwili kwenye njia yake. Ndani ya glovu kubwa vaa glovu nyepesi za pamba, na ukiona kidole kimeanza kuvimba kifunge plasta kabla ya kuingia, usingoje mapumziko.

Kwa mrushaji wa kasi, rudi nyuma mpaka uwe unaudaka mpira usawa wa kiuno, ukianza kushuka. Mipira miwili mitatu ya kwanza inatosha kukupimia: ukiufikia kifuani rudi nyuma, ukiufikia magotini sogea mbele. Wengi husimama mbali mno kwa woga, na mpira uliokwaruza ukingo wa gongo unatua chini kabla ya kuwafikia. Kwa mrushaji wa spini, anayerusha polepole na kuuzungusha mpira, kaa karibu kiasi kwamba mkono unagusa vijiti bila kuhamisha miguu, na kichwa kiwe nje kidogo ya kijiti cha mbali na mwili wa mpigaji ili asikuzibe. Chunga glovu zisitangulie mbele ya vijiti kabla mpira haujagusa gongo au mwili wa mpigaji, wala haujapita wiketi. Zikitangulia, mwamuzi anaita nobo, yaani mrusho usio halali, na kazi yako imepotea.

Dhoni ana stampingi 123 (kumtoa mpigaji aliyetoka kwenye mstari wake kwa kuangusha vijiti) katika mechi za kimataifa za siku moja, na siri iko kwenye viwiko. Wengi tumefundishwa kuupokea mpira kwa kurudisha mikono nyuma ili usiruke. Yeye huilainisha mikono papo hapo, kisha inakwenda mbele kwenye vijiti, haina safari ya kurudi. Usiige kabla hujaweza kudaka kawaida. Jizoeze kwa mpira wa tenisi ukutani, umbali wa mita tatu, mkono mmoja mmoja bila glovu, mpaka mpira uache kukuruka kiganjani. Mpira wa tenisi hauwasamehe wenye mikono migumu.

Wakenya wana mfano wao wa thamani ya daka moja. Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, Kenya ilipata mikimbio 166 tu dhidi ya West Indies kwenye Kombe la Dunia. Brian Lara alikuwa na mikimbio 8 alipokwaruza mpira wa Rajab Ali, na Tariq Iqbal akaudaka nyuma ya vijiti. West Indies waliishia 93.

Sasa unahodha wenyewe. Tatizo lako kubwa ni umbali. Nahodha wa kawaida husimama karibu na mrushaji na kumnong'oneza. Wewe uko upande wa pili wa njia ya kurushia yenye urefu wa mita 20, na ukikimbia kwake kila mara muda unakwisha. Katika mechi za kimataifa za ova chache, ova mpya lazima ianze ndani ya sekunde 60, na ukivuka maonyo mawili timu inatozwa mikimbio mitano. Kwa hiyo maongezi yafanyike kabla. Kubalianeni ishara za glovu: moja ya kumsogeza mchezaji, moja ya kumbadilisha mrushaji ova ijayo. Weka mtu unayemwamini karibu na mrushaji. Ova inapokwisha na mnabadilishana pande, una hatua chache za kutembea naye. Mpe neno moja tu, kwa mfano "anasogea mbele mapema, fupisha". Ukimpa matatu hatakumbuka hata moja.

Kuomba uamuzi upitiwe tena kwa video kuna sekunde 15. Uliposimama unaona mwelekeo wa mpira vizuri kuliko yeyote, ila kimo chake kinakudanganya, hasa ukiwa nyuma. Muulize aliyesimama pembeni ya mpigaji. Mrushaji muulize mwisho, maana kwake kila mpira unagonga vijiti.

Tazama ova ya mwisho ya India na Bangladesh, Bengaluru, tarehe 23 Machi 2016. Bangladesh walihitaji mikimbio 2 kwa mipira 3. Wapigaji wawili wakatolewa kwa madaka. Ukabaki mpira mmoja, na Dhoni akavua glovu ya mkono wa kulia kabla haujarushwa, maana alijua wapigaji watakimbia kwa vyovyote vile. Hardik Pandya akarusha mpira mfupi, mpigaji akaukosa, Dhoni akaudaka akakimbia nao mpaka vijitini badala ya kuutupa. Mustafizur Rahman hakufika, na India wakashinda kwa mkimbio mmoja. Fanya hivyo hivyo kwenye mipira ya mwisho, ila usiache kifaa chochote ovyo: mpira ukigonga kofia yako ngumu iliyolazwa chini, wapinzani wanapewa mikimbio mitano.

Upigaji nao upange kwa akili. Ova 50 ni kuchuchumaa mara 300, na kufungua upigaji dakika chache baadaye si kwa kila mwili. Dhoni alipata mikimbio 10,773 katika mechi 350 za siku moja, mingi akiingia katikati. Fainali ya 2011 alijipandisha hadi nafasi ya tano kwa sababu Muttiah Muralitharan wa Sri Lanka alikuwa anarusha, naye Dhoni alimfahamu vizuri kutoka timu yao ya ligi ya India, Chennai, akamaliza na 91 bila kutolewa.

Na ujue kupunguza mzigo mapema. Kumar Sangakkara wa Sri Lanka alivua glovu katika Test, mechi za kimataifa za siku tano. Wastani wake wa mikimbio alipokuwa mlinda wiketi ulikuwa kama 40, bila glovu ukapita 66. Dhoni aliacha Test Desemba 2014, akaachia unahodha Januari 2017, lakini akabaki na glovu mpaka 2019 akimsaidia nahodha aliyemrithi, Virat Kohli, kuwapanga wachezaji.

Jambo la mwisho husahaulika sana kwenye klabu zetu. Ukiumia kidole katikati ya mechi, mchezaji wa akiba anaweza kuchukua glovu kwa ridhaa ya waamuzi, lakini sheria haimruhusu kuwa nahodha. Mtaje naibu wako kabla ya kurusha sarafu, naye azijue ishara zako zote.