Chipu ya Bluetooth ikilala, nani ataiamsha?

Barua za wiki hii zimetoka Maseno, Njoro, Kakamega na Bungoma. Zote zinahusu draiva, yaani ile sehemu ya kerneli (moyo wa mfumo) ya Linux inayozungumza na chipu, na betri isiyofika jioni.

Nikiiacha maus yangu ya Bluetooth sekunde chache kisha niiguse, mshale hugoma kwanza ndipo uende. Imeharibika? (Mwanafunzi, Maseno)

Usiitupe bado. Kwenye laptopu nyingi chipu ya Bluetooth imeungwa ndani kwa USB, hata kama huoni waya, na draiva yake ni btusb. Kifaa cha USB kilichoruhusiwa kulala husinzia kikikosa kazi; muda wa kawaida ni sekunde 2. Ukigusa maus, chipu huamka kwanza. Kitafute kifaa hicho chini ya /sys/bus/usb/devices, kisha, ukiwa na mamlaka ya root, yaani msimamizi wa kompyuta, badilisha power/control kutoka auto iwe on. Mgomo ukiisha, umempata mkosaji; ipe btusb chaguo enable_autosuspend=n ili mabadiliko yadumu. Usipoisha, huenda maus yenyewe ndiyo inayolala.

Naunda kipima joto cha matangi ya maziwa, kinachotumia sola. Chipu ya Bluetooth imeungwa na prosesa kwa UART, yaani waya zinazopitisha data biti moja baada ya nyingine. Draiva isubiri muda gani kabla ya kuilaza? (Fundi, Njoro)

Fundi, mtazame mwendesha boda hapo stejini. Akipisha ng'ombe wavuke, injini haizimi. Abiria akiingia dukani, anaizima. Amekwisha kupima gharama ya kuiwasha upya. Nawe pima kwa mita: chipu inakula kiasi gani ikiwa macho bila kazi, ikiwa imelala, na kila inapoamka. Tuseme kuamka kunakula sawa na kukaa macho nusu sekunde. Basi usingizi mfupi kuliko huo ni hasara tupu. Draiva ya hci_bcm, inayohudumia chipu za Broadcom, husubiri sekunde 5. Anzia hapo, upunguze huku ukipima. Kodi ya kuhesabu muda usiiandike mwenyewe: ita kitendaji cha kerneli pm_runtime_mark_last_busy kila pakiti ya data inapopita, kerneli itahesabu.

Lakini ugumu hauko kwenye muda, uko kwenye kuamshana. Unahitaji waya mbili: mmoja prosesa iigutushe chipu, mwingine chipu iigutushe prosesa. Kabla ya kulala, hakikisha hakuna pakiti iliyobaki kwenye foleni, izuie chipu isitume kwa kutumia RTS (waya wa UART wa kuruhusu au kuzuia kutuma), na uwe tayari umeiwasha intarapti, yaani ishara ya kuishtua prosesa, ya ule waya wa pili. Ukikosea mpangilio, pakiti ya kwanza itakayofika wakati saa ya UART imezimwa itapotea, na hutaona kosa popote.

Mimi nilikesha siku tatu na bodi iliyomaliza betri usiku kucha. Draiva ilikuwa sawa. Kwenye devicetree, yaani faili inayoieleza kerneli vifaa vya bodi, waya wa kuamsha ulikuwa umeandikwa kinyume, kwamba ishara ni volti ya juu, kumbe ni ya chini. Prosesa iliamshwa bila kukoma. Tangu siku hiyo naanza na waya, halafu kodi.

Chipu za Texas Instruments zinazotumia draiva ya hci_ll hukubaliana na prosesa kwa baiti kwenye UART ileile: 0x30 kuomba kulala, 0x31 kukubali, 0x32 kuamsha, 0x33 kujibu kwamba niko macho. Mtego upo pale pande zote mbili zinapotuma 0x32 kwa wakati mmoja. Zamani kuipokea kulitosha. Chipu ya BRF6350 ikaja ikidai jibu la wazi. Zile nyingine hazichukizwi na jibu hilo, kwa hiyo jibu kila mara.

Kuzima Bluetooth kwenye menyu kunaokoa chaji kweli? (Mama mwenye duka, Kakamega)

Inategemea draiva, mama. Ikikata umeme wa chipu, kunaokoa. Ikinyamazisha redio tu, chipu bado inanyonya kidogo. Chipu nyingi zikikatiwa umeme husahau programu yake ya ndani, nayo lazima ipakiwe upya. Ndiyo sababu kuwasha tena huchukua muda.

Nina vihisi vya joto kwenye banda la vifaranga. Draiva ndiyo inayopanga redio ilale lini? (Mfugaji, Bungoma)

Hapana, hiyo ni kazi ya programu iliyo ndani ya chipu. Wewe unachagua mwendo: kwa Bluetooth ya nishati kidogo, vifaa vilivyounganishwa kwa kawaida hukutana kila milisekunde 7.5 hadi sekunde 4. Joto la vifaranga halibadiliki kwa milisekunde, kwa hiyo omba muda mrefu. Na kama kompyuta yako inasikiliza matangazo ya vihisi bila kuungana navyo, ipe chipu orodha ya vifaa vyako pekee na uiambie ichuje yanayojirudia. La sivyo kila simu ya jirani inayotangaza hewani itaiamsha prosesa, na prosesa inakula zaidi ya redio.