Shamba la Muhogo wa Aina Moja

SWALI: Nina shamba dogo la muhogo huku Likoni, na kwa miaka kadhaa nimepanda kibandameno pekee, kwa kuwa wachoma muhogo wanakipenda kwa utamu wake. Msimu uliopita majani yote yalijikunja na kuingia mabaka ya manjano. Jirani yangu, ambaye huchanganya mbegu za kila namna, alipoteza miti michache tu. Je, ni bahati yake?
Msomaji, Likoni, Mombasa

JIBU: Ndugu msomaji, bahati haimo. Dalili hizo ni za batobato, ugonjwa wa virusi vinavyoenezwa na nzi weupe pamoja na vipando vilivyokwisha kuambukizwa, na kibandameno, kwa utamu wake wote, hakiuwezi. Muhogo hupandwa kwa kukata shina, kwa hiyo kila kipando hubeba vinasaba vilevile vya mti wake. Ukipanda mia, umepanda mti mmoja mahali mia, na kirusi kilichoushinda mmoja kimeishinda yote.

Watu wengi hudhani kwamba kiumbe hujitengenezea vinasaba vya kinga kinapofikiwa na balaa. Sivyo: ugonjwa huchagua tu miongoni mwa tofauti za vinasaba zilizokuwamo kabla haujaingia, na zisipokuwamo hauna cha kubakisha. Katika miaka ya 1930, watafiti wa kituo cha Amani, katika milima ya Usambara, Tanganyika, waliutafutia muhogo kinga wakaipata kwa kuuzalisha na jamaa yake, mpira wa Ceara wenye asili ya Brazili, mti ambao hakuna mpishi wa Pwani angeutia chunguni. Baadhi ya mihogo inayostahimili batobato barani Afrika leo ina damu ya mti huo.

Kwa wanyama ni vivyo hivyo. Duma waliwahi kupungua mno maelfu ya miaka iliyopita, na waliopo leo wanafanana kivinasaba kiasi kwamba, katika majaribio ya miaka ya 1980, duma aliyepandikizwa ngozi ya duma asiye nduguye aliipokea kana kwamba ni yake. Hawajatoweka, ni kweli, lakini maradhi mageni yakiwaingia yatawakuta wakiwa na silaha zilezile.

Kwa shamba lako, ng'oa miti iliyougua, usiikate mbegu, na umwombe jirani vipando vya aina mbili au tatu zilizosalimika. Kibandameno nacho, ukikipata kisafi, usikiache: hata utamu ule umo katika vinasaba.