Fundi, injini alizoacha baba mkwe ni za bei gani?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi nimeolewa huku Swindon, Uingereza. Baba mkwe alifanya kazi karakana ya reli ya hapa mpaka ilipofungwa 1986, na mwaka huu ametutoka. Kaacha kibanda bustanini kimejaa vitu vyake, kuna injini ndogo ya mvuke, Stuart 10V, imekamilika, halafu kuna kichwa cha treni cha mvuke cha mfano, cha geji ya inchi 5 (yaani upana kati ya reli mbili), hakukimaliza, boila ipo, magurudumu yapo, na makaratasi kibao. Mama mkwe anasema mzee kakihangaikia miaka 20 kwahiyo hakiwezi kushuka pauni elfu 20. Jirani katuambia atatoa 500 abebe vyote leo leo. Tumsikilize nani?

JIBU: Marahaba dada, poleni sana, na mama mfikishie pole zangu. Jirani msimpe kitu kwanza, mtu anayetaka kubeba leo leo ujue kuna kitu keshakiona.

Ila na mama mwambieni taratibu kwamba ile miaka 20 hakuna atakayeilipa. Inauma lakini ndivyo soko lilivyo, manake wanaonunua hizi kazi wengi ni wazee wenzake wenye mashine zao za kukereza nyumbani, wanajua mwenzao alikuwa anajifurahisha, wao wanalipia kilichopo mezani na jinsi kilivyotengenezwa. Labda awe mtu wa jina kama Cherry Hill, yule mama Mwingereza mtengenezaji wa injini za mfano aliyeshinda tuzo yao ya Duke of Edinburgh mara 9, hapo jina lenyewe linapandisha bei.

Hiyo 10V ni ndogo, silinda yake ina kipenyo cha robo tatu ya inchi na gurudumu inchi 3, na zimetengenezwa nyingi mno kwahiyo bei yake huwa mamia machache ya pauni, si maelfu. Kinachotofautisha ni mkono wa fundi. Izungusheni polepole kwa kidole, izunguke laini bila kukwama mahali, halafu mchukue tochi muangalie bolti, kama vichwa ni vidogo vya pembe sita, vinalingana na havijaliwa na spana, na kingo za vyuma hazina alama za tupa, basi mzee alikuwa fundi kwelikweli na mnunuzi ataliona hilo kabla hajauliza bei. Na tafadhali msiipige rangi wala kuing'arisha, mtaishusha thamani!

Kwenye treni pesa ipo kwenye boila. Boila ya shaba iliyolehemiwa kwa fedha ni ghali sana kununua mpya, ila bila karatasi mnunuzi anaihesabu kama mzigo, hajui ndani kukoje. Huko Uingereza klabu za hawa mafundi ndizo zinazopima, boila mpya inajazwa maji na kusukumwa mpaka mara mbili ya presha ya kazi, yaani ya 80 inapelekwa 160, wanatumia maji kwa sababu ikipasuka hairuki kama ya mvuke. Kwahiyo yale makaratasi kibao msitupe hata moja, tafuteni cheti, michoro, risiti za vyuma vilivyomiminwa kwenye kalibu, daftari la mzee, na vyote viuzwe pamoja na treni, kwasababu atakayenunua anataka kuendelea pale mzee alipoishia na bila michoro hajui mzee alifuata muundo gani. Msiwashe moto humo kujaribu, jamani.

Bei sasa. Msiangalie bei watu wanazoomba, hata mimi naweza kuomba milioni, angalieni vilivyouzwa kweli kwenye minada ya injini za mfano, geji hiyohiyo na hali hiyohiyo, halafu mtoe kamisheni ya mnada. Ombeni pia mtu wa klabu ya karibu aje aone, ila awe mtu ambaye hanunui. Treni isiyokamilika hupata sehemu ndogo tu ya bei ya iliyokamilika, na nyinyi msijaribu kuimalizia.

Na kama humo kibandani mna mashine ya kukereza, hiyo na visu vyake viorodhesheni pembeni, wanunuzi wake ni wengine kabisa, na mara nyingi hiyo ndiyo inaondoka haraka kuliko vyote.