Andika modeli kabla ya kufungua Stata

Nilipoanza tasnifu yangu ya uzamili katika uchumi nilikuwa na data ya kaya 180 za wakulima wa mahindi wilayani Mbozi. Nilizihoji mwenyewe, kijiji kwa kijiji, nikadhani kazi ngumu imekwisha. Nikafungua Stata, programu ya takwimu, nikaingiza kwenye rigresheni (hesabu inayopima jinsi kila jambo linavyohusiana na siku za kazi shambani) kila nilichokuwa nacho: umri wa mkuu wa kaya, elimu, ekari, umbali wa gulio, idadi ya watu nyumbani. Hiyo ya mwisho ikatoka na nyota tatu, alama ya kwamba uhusiano hauelekei kuwa wa bahati tu. Kaya yenye watu wengi ilitumia siku nyingi zaidi za kazi kwa kila ekari.

Msimamizi wangu alisoma sura nzima, kisha akauliza: "Ulitegemea kuona nini, na kwa nini?" Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimezikusanya nyota kwanza, maelezo nikayatafuta baadaye. Hatari yake inahesabika: ukipima vigeu 20 (mambo kama umri au ekari) ambavyo havihusiani na chochote, kila kimoja kwa kiwango cha asilimia 5, yaani ukikubali kudanganywa na bahati mara 5 kati ya 100, na bila kutegemeana, uwezekano wa kupata angalau nyota moja ya bure ni takriban asilimia 64.

Akanituma nikasome nadharia ya kaya ya mkulima. Nilirudi shamba lile lile nikiwa na macho mengine, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Nadharia inasema hivi. Mkulima ana vichwa viwili: mzalishaji na mlaji. Kama masoko yote yanafanya kazi sawasawa, vichwa hivyo vinatengana: maamuzi ya shamba hayategemei mambo ya nyumbani. Mwenye shamba kubwa na watoto wachache anaajiri vibarua. Mwenye watu wengi na ardhi ndogo anawapeleka wakalime kwa wengine. Basi kiasi cha kazi shambani kitaamuliwa na bei ya mahindi, ujira na ardhi yenyewe. Idadi ya watu wanaolala chini ya paa lile haipaswi kugusa kitu.

Hapo ndipo sifuri inapopata maana. Nadharia tete ya kwamba kigezo cha ukubwa wa kaya (namba inayoonyesha kazi inabadilika kiasi gani watu wakiongezeka) ni sifuri haitoki kwenye programu, inatoka kwenye modeli, yaani maelezo ya jinsi kaya inavyoamua. Ukiikataa, umepata dalili kwamba soko fulani limekwama, na kwamba mama akiugua wakati wa palizi, magugu yatabaki kwa kuwa hakuna wa kumkodi au hakuna fedha za kumlipa. Zile nyota tatu nilizoziandikia sentensi moja tu, eti "kaya kubwa hutumia nguvukazi zaidi", zilikuwa zinabeba habari yote hiyo.

Lakini usikimbilie kutangaza. Mwaka 1992 mchumi Dwayne Benjamin alichapisha kipimo hiki hiki kwa data ya vijijini Java, Indonesia, na hakuweza kuikataa dhana ya utengano. Mwaka 2016 wachumi Daniel LaFave na Duncan Thomas, nao kwa data ya Java, waliikataa. Tofauti kubwa ni kwamba hawa wa pili walizifuata kaya zile zile kwa miaka. Ukizipiga kaya picha moja tu, unalinganisha familia ya huyu na ya yule, na huenda familia kubwa ndizo zilizotangulia kukaa kwenye udongo mzuri. Ukiifuata kaya moja, unaona shamba linavyobadilika mtu anapoondoka au kijana anapokua, huku udongo ukiwa ule ule.

Data yangu ilikuwa picha moja. Nilipoelewa hilo ilinibidi niandike waziwazi kwamba matokeo yangu hayatenganishi soko la vibarua lililokwama na udongo bora, na kwamba hata soko likiwa limekwama, kipimo hiki hakisemi ni lipi: la vibarua, la mikopo au la ardhi. Iliniuma, maana nilitembea sana kwa ajili ya data ile. Sura ikawa fupi, na ilikuwa bora kuliko ya kwanza.

Kwa hiyo, wewe unayeanza sasa: chukua karatasi kabla ya kompyuta. Andika nani anaamua, anataka nini, anabanwa na nini. Mbele ya kila kigeu weka alama ya kujumlisha, kutoa au sifuri, na sababu yake. Kigeu kisicho na sababu kisiingie kwa kuwa tu kipo kwenye dodoso. Weka tarehe, mpe msimamizi nakala. Kipimo kikishindwa kuikataa sifuri, usiandike kwamba sifuri ni kweli. Tazama upana wa kipindi cha uhakika (kuanzia namba ipi hadi ipi jibu la kweli linaweza kuwa), kwani sampuli ndogo hushindwa kukataa mambo mengi.

Na kama nadharia yako inahitaji kaya zifuatwe kwa miaka, usiende kuhoji upya. Tanzania ina utafiti wa taifa unaozifuata kaya tangu 2008/09, unaofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na data yake hupakuliwa bure kwenye tovuti ya Benki ya Dunia. Mimi nilijua hilo nikiwa nimeshamaliza nauli ya Mbozi.