Re: Lori la jeshi la Australia la 1942, nipake rangi gani?

Mkuu nimekusoma, una Chevrolet ya jeshi la Australia ya 1942, aliyekuuzia kaipaka kijani inang'aa kama kabati jipya na unataka irudi ilivyokuwa vitani. Kwanza usinunue rangi kwa kuangalia picha za mtandaoni, nyingi zilikuwa nyeusi na nyeupe watu wakazitia rangi kwa kompyuta, wanabuni tu. Gari lenyewe ndo linajua. Fungua kibati cha namba au bawaba ya mlango, pale jua halijafika, chukua msasa wa maji ule laini, sugua taratibu kwa mduara, utaona rangi zinatokea pete kwa pete, ile iliyolalia praima ya kwanza (rangi ya msingi inayopakwa kwenye bati tupu) ndo yako. Ikiwa kijani ya kakhi iliyokolea basi inawezekana ni KG3, yani Khaki Green namba 3, ilitumika sana kule. Ukikuta na mabaka ya rangi ya udongo usishtuke, walichanganya rangi kuficha magari.

Kung'aa sahau, gari likimeta rubani wa adui kashakuona. Ila rangi isiyong'aa inashika grisi ya mikono balaa, na ukiipiga polishi umeiharibu.

Halafu msasa mkavu HAPANA. Rangi za enzi hizo mara nyingi zina madini ya risasi, vumbi lake ni sumu, watoto wasisogee kabisa. Na kama utapuliza rangi ile ya kuchanganya na hadena, yani dawa ya kuigandisha, barakoa ya kitambaa haisaidii kitu, mpe fundi mwenye chumba cha kupulizia.