Desemba ya Uchagani si magari tu

Ndugu yangu, unasema safari ya Desemba kwenda Uchagani, kwa Wachaga wa Kilimanjaro, siku hizi ni maonyesho ya magari na Yesu kasahaulika. Magari yapo, sibishi. Lakini tangu lini watu walikwenda Kilimanjaro kwa ajili ya misa peke yake? Misa hata Kimara, hapo Dar, ipo. Wanakwenda kwa sababu ndiyo wiki ambayo ukoo unakutana: mchumba anatambulishwa, ugomvi wa mpaka wa kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, unasikilizwa na wazee, makaburi yaliyomo humohumo migombani yanafyekewa, kisha mbuzi anachinjwa na mbege, pombe ya ndizi, inazunguka. Si bahati mbaya kwamba treni ya abiria ya Dar hadi Moshi iliporudi mwaka 2019, ilirudi Desemba.

Mimi kinachonitia wasiwasi ni muda. Vijana wengi wanafika tarehe 24 usiku, tarehe 27 wanageuza, na kikao cha ukoo kinahamia WhatsApp. Na kule, jamani, mzee akiuliza habari ya mpaka, anajibiwa kwa stika ya mtu anayecheka.