Kabla Hujavuka Mpaka Kwenda Kujitolea kwa Watoto Yatima

UE, yaani mitihani ya mwisho wa muhula, zikikaribia, simu yangu hujaa ujumbe wa wadogo zangu wa vyuo vya hapa Dodoma: UDOM, St. John's na Mipango. Wamesikia kwamba nikiwa mwaka wa pili nilikwenda Kenya kujitolea kwenye makao ya watoto, nao wanataka kwenda. Wengi wanauliza nauli, nguo za kubeba, na kama chakula cha huko kinalika. Kinalika. Mimi huwauliza: huko unakwenda kufanya kazi gani ambayo wenyeji wameshindwa kuifanya? Anayenijibu "kuwapa watoto upendo" namwomba akakae afikirie tena, kisha tuongee wiki ijayo.

Nilifika Nakuru mwezi Agosti, shule za Kenya zimefunga muhula wa pili. Nilitegemea kelele za watoto. Badala yake nikakuta bweni la wavulana vitanda vimetandikwa vyote, magodoro mengine yameviringishwa, na ubaoni kuna orodha ya majina, mbele ya kila jina pameandikwa mtoto alikokwenda: kwa bibi, kwa shangazi, kwa mama. Ndiyo, kwa mama. Msimamizi hakunificha kitu. Alisema wengi wana mzazi mmoja au ndugu, ila ugonjwa, njaa au ada ndivyo vilivyowaleta pale, na kila likizo wanarudishwa kwao ili siku moja wabaki huko moja kwa moja.

Hilo si la Nakuru tu. Mwaka 2009 shirika la Save the Children liliandika kwamba duniani kote watoto wasiopungua wanne kati ya watano walioko kwenye makao wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Sisi wa Dodoma tusishangae. Nenda Bahi au Chamwino, mtoto aliyefiwa utamkuta kwa bibi yake au kwa baba mdogo. Mwaka ambao mvua imekata mapema na mtama umenyauka, anayelemewa ni yule bibi. Mpe gunia la nafaka na sare za shule, mjukuu atabaki nyumbani.

Ndiyo maana serikali zimeanza kubadilika. Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, ikapitisha Sheria mpya ya Watoto mwaka 2022, na sasa ina mkakati wa 2022 hadi 2032 wa kuwarudisha watoto kwenye familia. Rwanda iliianza kazi hiyo mapema zaidi, 2012. Mwaka 2019 Umoja wa Mataifa, kwenye azimio lake la haki za mtoto, ulitaja waziwazi madhara ya kujitolea kwenye makao ya yatima, hasa kunapochanganyika na utalii. Yapo makao yanayokusanya watoto ili wageni wapate wa kuwaona na kuwachangia. Ukienda kichwa kichwa, na mfuko wako wa peremende, unaweza kuwa mteja wa biashara hiyo bila kujua.

Kwa hiyo wahoji wenye makao kabla hawajakuhoji. Makao yamesajiliwa? Afisa wa watoto wa eneo lile anayafahamu? Nani anafuatilia ndugu wa watoto? Nitaachwa na watoto peke yangu? Hilo la mwisho jibu lake liwe hapana. Nao wanapaswa kukudai barua ya polisi kwamba huna rekodi ya uhalifu, watu wawili wa kukudhamini, na saini yako kwenye kanuni za ulinzi wa mtoto. Wakikuambia "njoo tu, karibu sana" bila kuomba karatasi hata moja, achana nao. Na wakitaka pesa ya "usajili" kwanza, kwenye namba ya mtu binafsi, usijibu hata hiyo meseji.

Sasa kazi yenyewe. Siku ya kwanza mtoto wa miaka kama mitano alinirukia mapajani kabla sijataja jina. Mama mlezi akamwita taratibu, akamkalisha pembeni yake. Baadaye, tukichambua maharage, akaniambia: "Mwalimu, huyo kila mgeni anamwita mama. Akilia, mlete kwangu." Mtoto aliyezoea kupendwa na wapita njia anaachwa kila mwezi na mtu mpya, na majeraha hayo hubaki kwa walezi kuyauguza. Tangu hapo wadogo sikuwagusa sana. Nilisimamia meza ya masomo ya watoto wakubwa jioni, hasa hesabu za sehemu, nikapanga vitabu vya stoo na kuviorodhesha kwenye daftari, asubuhi nikawa jikoni. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Anayejitolea jembe lake alijue kabla hajapanda basi.

Na ujuzi huo uanzie hapa hapa. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, jitambulishe na barua ya chuo, omba kusaidia chini ya afisa, hata Jumamosi tu. Muhula mmoja ukiisha utajua kama una moyo wa kazi hii au ulipenda picha tu. Mimi namheshimu zaidi aliyemaliza muhula Dodoma bila kukosa kuliko aliyekaa nje wiki mbili akarudi na albamu.

Karatasi anza mapema, hasa kama namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, bado inakusumbua, maana bila hiyo pasipoti haisogei. Wakati wangu pasipoti ilikuwa shilingi 150,000, na kwa mtu anayesubiri boom, ile hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo, hiyo si hela ndogo. Chanjo ya homa ya manjano choma siku 10 au zaidi kabla ya safari. Kadi yake ya njano siku hizi ni ya maisha, usiipoteze. Mtanzania anaingia Kenya bila viza, ila kuingia kutembea si kibali cha kufanya kazi, hata ya bure. Mwenyeji wako ndiye akuombee kibali, na akikuambia "hatuna haja nacho" rudi kwenye yale maswali. Angalia pia safari isigongane na field, yaani mafunzo kwa vitendo. Njiani ni rahisi: basi la alfajiri kutoka stendi ya Nanenane hapa Dodoma, Kondoa, Babati, unalala Arusha, kesho yake Namanga mpakani. Beba sweta nzito. Upepo wa Julai wa Chimwaga, kule UDOM, hauoni ndani kwa baridi ya Nakuru usiku, mji ule uko juu sana.

Picha: usipige nyuso za watoto, usiposti. Akikua, asikute umaskini wake kwenye ukurasa wako.

Tarehe ya kuondoka waambie siku ya kwanza, uiandike mahali wanapoiona. Kijana mmoja aliniuliza kama ningerudi Desemba. Nikamwambia hapana, nina mitihani Februari na nauli sina. Alininunia jioni nzima, lakini hesabu zake aliendelea kuzileta. Ukitaka kuendelea kusaidia, ada ya mtoto ipite ofisi ya makao kwa risiti. Na zawadi ya kuaga, kama unayo, mkabidhi mama mlezi aigawe wewe ukiwa umeshavuka Namanga.